TALAKA IMESOMWA, KOPI HAIJATOKA: HUKO KAHAMA NA GEITA NANI ANAFAIDI HUKU KUSUBIRI?

Mastaa wakiachana siku hizi ni kazi ya dakika mbili. Anafuta picha za harusi, anatoa jina la mume kwenye ukurasa wake, anaandika "asanteni kwa sala zenu", kwisha. Mpaka jioni mashabiki wameshagawana, timu mke huku, timu mume kule. Wiki ikiisha mmoja kaposti mkono wenye pete mpya, na kule kwenye maoni vita inaanza: "Huyo si mume wa mtu bado?" "Talaka alishapewa?" "Aonyeshe karatasi!"

Hapo kwenye karatasi ndipo utani unapoisha. Watu wanadai karatasi kama vile inauzwa dukani pamoja na vocha. Wengi hawajui inatoka wapi, inaombwaje, na hasa inachukua muda gani kumfikia mwenye nayo. Na wanaojua, wengi wamejua kwa kuumia.

Chukua ukanda wa dhahabu, kuanzia Shinyanga mjini kwenda Kahama, Ushirombo, Katoro mpaka Geita. Yupo dada mmoja huko, jina kapuni, mshereheshaji wa harusi mwenye jina lake. Ukiwa na sherehe ya maana ukanda ule, kumkosa yeye ni kujitia aibu. Mume wake wa zamani naye sio mtu mdogo: ana hisa kwenye maduara, ana karasha la kusagia mawe, ana fuso mbili barabarani, na akiingia kiwanja DJ anamtaja kwa jina mara tatu. Hawa wawili walishafika mahakamani. Walisikilizwa, mashahidi wakaja, hukumu ikasomwa mbele ya watu: ndoa imevunjika, talaka imetolewa, mali zigawanywe. Dada katoka pale analia, mashosti wanamkumbatia, picha zikapigwa.

Hiyo ilikuwa siku ya hukumu. Nakala ya hukumu, ile yenye saini na muhuri, aliishika mkononi miezi mitano baadaye.

Sasa angalia kilichotokea katikati ya hapo. Karasha halina miguu, lakini lilihama eneo. Fuso moja ikawa na jina la ndugu wa mume. Viwanja viwili vya Katoro vikapata mwenye mpya, na mwenye mpya ana karatasi za mauziano zilizogongwa mhuri wa serikali ya mtaa. Kila alipokimbilia dada, swali lilikuwa hilohilo: "Hukumu yako iko wapi?" Akisema ilisomwa, anaambiwa sawa, lete kopi. Akirudi masjala kuomba kopi, anaambiwa njoo wiki ijayo. Na huku mitandaoni, siku alipoonekana na kaka mwingine kwenye harusi ya watu, akaitwa mke wa mtu asiye na haya.

Watu waliposikia stori yake wakasema "pole, mambo ya mahakama hayo, yanachelewa". Hapana. Hiyo pole inaficha kitu. Kopi ya talaka ikichelewa haichelewi kwa wote sawasawa. Inamchelewesha aliyetoka mikono mitupu, na inampa muda aliyeshika mali. Kila "njoo wiki ijayo" ni wiki moja ya zawadi kwa mtu mmoja, na mtu huyo anajulikana.

KWANI HIYO KARATASI NI YA NINI?

Kuna wanaosema ndoa ni mapenzi, mapenzi yakiisha ndoa imeisha, karatasi ya nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina habari na mapenzi yako yalivyoisha. Kifungu cha 12 kinasema ndoa inaendelea kuwepo mpaka mmoja afe, au mahakama itamke kwamba anadhaniwa amekufa, au ndoa ibatilishwe, au mahakama itoe talaka, au iwe talaka iliyotolewa nje ya nchi na inatambulika hapa. Orodha imeishia hapo. Kurudishiwa mahari hakumo. Kukaa mbalimbali miaka kumi hakumo. Kufuta picha ndo kabisa. Hata waliopeana talaka kwa Kiislamu, sheria hiyohiyo kwenye kifungu cha 107 inataka jambo lipite baraza la usuluhishi, kisha mahakama ndiyo itoe talaka.

Kwa hiyo dada wa watu akitaka kuolewa tena, hilo ni suala la sheria. Kifungu cha 15 kinamkataza mwanamke aliye kwenye ndoa kufunga nyingine, na mwanaume wa ndoa ya mke mmoja naye anakatazwa. Ukifunga juu ya ndoa iliyo hai, hiyo ya pili ni batili. Wanaotaka kuoana wanatakiwa kutoa taarifa ya nia siku 21 kabla, na humo wanaandika hali yao ya ndoa. Ukiandika "mtalaka", swali linalofuata unalijua.

Na sio kuolewa tu. Kopi hiyo ndiyo inayokwenda RITA ili talaka isajiliwe, maana RITA haisajili vifo na vizazi peke yake, inasajili ndoa na talaka pia. Kopi hiyo ndiyo unayoombea kukazia hukumu, yaani mahakama ilazimishe mgawo utekelezwe. Kopi hiyo inatakiwa benki, inatakiwa kwenye mafao, inatakiwa kwenye ardhi, inatakiwa shuleni pale mzazi anapotaka kujua nani kapewa watoto. Bila kopi, hukumu ni maneno yaliyosikiwa na watu waliokuwepo chumbani siku ile.

SAA YA MWANANCHI NA SAA YA OFISI

Ukisoma sheria yenyewe utaona kitu cha kuchekesha, kama sio cha kusikitisha. Mwananchi amefungiwa saa mkononi kila kona. Ndoa haijafika miaka miwili? Huwezi kuomba talaka bila kibali cha mahakama. Umepita baraza la usuluhishi wakashindwa kuwapatanisha? Wanakupa cheti, wengi wanakiita Fomu Namba 3, lakini ukifungua shauri kwa cheti kilichozidi miezi sita, kimeshakufa, rudi baraza. Hujaridhika na hukumu? Kifungu cha 80 kimekupa siku 45 za kukata rufaa, na siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu uamuzi, sio tangu siku uliyopata kopi. Unataka kuoa tena? Siku 21.

Mwananchi akichelewa siku moja, anaambiwa sheria ni msumeno. Haya, upande wa pili wa msumeno uko wapi? Mahakama wana mkataba wa huduma kwa mteja, nao una muda ulioahidiwa. Lakini mwananchi akichelewa shauri lake linatupwa. Ofisi ikichelewa, mwananchi huyohuyo ndiye anayelipa tena nauli ya kurudi.

Na nauli yenyewe sio mchezo. Mtu anatoka Nyarugusu au Rwamagasa, anafunga biashara yake ya mama lishe, analipa bodaboda mpaka lami, anapanda basi, anafika saa nne, karani yuko kwenye kikao, anasubiri mpaka saa nane, anaambiwa jalada liko kwa mheshimiwa halijasainiwa. Hajala, watoto kawaacha kwa jirani. Afanye hivyo mara tano, hela ya nauli inazidi kwa mbali ada ya kopi anayoifuata. Mwisho anakata tamaa. Na akikata tamaa yeye, mwenzake kashinda bila kukata rufaa.

Ubaya sio kusubiri. Ubaya ni kusubiri usichojua kinakuja lini. Uingereza, tangu walipobadilisha sheria yao Aprili 2022, wanaoachana wanasubiri wiki 20 kati ya maombi na amri ya kwanza, kisha wiki sita nyingine kabla ya amri ya mwisho. Ni muda mrefu, lakini mtu anaujua, anapanga maisha yake. Mtu wa Kahama hana wiki 20 wala hana wiki sita. Ana "njoo wiki ijayo".

DHAHABU INAUZWA SAA MOJA

Mahali pengine kuchelewa kungeweza kuvumilika. Mali ya mkulima wa mpunga wa Kahama haitoroki usiku, shamba liko palepale. Mali za dhahabu hazina tabia hiyo. Leo mtu ana hisa kwenye duara, kesho ameiuza mezani kwa maneno matano na soda mbili. Mifuko ya mawe inalala hapa, inaamkia kwenye karasha la kijiji cha pili. Rashi ikisikika sehemu mpya, wanaume wanahama na vifaa vyao kabla jua halijatoka. Mume aliyekuwa Mwakitolyo wiki iliyopita, leo utasikia yuko Chunya.

Sheria imeliona hilo kwa upande mmoja. Kifungu cha 101 kinamruhusu mtu aliyetelekezwa, na hajui mwenzake aliko, afungue shauri bila kupita baraza. Kifungu cha 107 nacho kinahesabu utelekezaji wa makusudi wa miaka isiyopungua mitatu kama ushahidi kwamba ndoa imekufa. Kwa hiyo wanawake wa machimboni wamefunguliwa mlango wa kuingia mahakamani. Mlango wa kutokea na karatasi mkononi ndio umebana.

Geita mjini kuna soko la dhahabu lililofunguliwa Machi 2019. Mchimbaji anaingia na mzigo wake, unapimwa, bei inatajwa, serikali inachukua mrabaha wake hapohapo, karatasi zinaandikwa, mtu anatoka na pesa. Hakuna anayeambiwa arudi wiki ijayo kuchukua risiti. Serikali inajua kabisa kwamba ikilegeza siku moja, dhahabu imevuka mpaka. Basi kama inajua dhahabu inatoroka kwa siku moja, kwa nini inadhani mgawo wa mke utasubiri miezi mitano?

Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria. Ile foleni ya kivuko iliyokuwa inawalaza watu wa Geita njiani kwenda Mwanza imekuwa hadithi. Fuso linavuka kwa dakika chache. Basi hata la kuhamishia karasha linavuka kwa dakika chache. Kila kitu ukanda huu kimeongezewa mwendo isipokuwa karatasi ya kuzuia mali isihame.

MAENEO MENGINE KOPI INAJAA MPAKA INAMWAGIKA

Halafu kuna hili. TanzLII, ile tovuti ya hukumu, inaweka bure hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Yeyote mwenye bando anaweza kusoma talaka za watu waliofika huko juu: nani alisema nini, nani alikutwa na nani, nyumba ya vyumba vingapi, watoto wangapi. Wapo mastaa na wafanyabiashara ambao ndoa zao zinasomwa na wanafunzi wa sheria kila muhula.

Lakini mama aliyemaliza shauri lake mahakama ya mwanzo, bila rufaa, bila wakili, bila kelele, yeye hawezi kupata kopi yake mwenyewe bila safari tano. Dunia inasoma ndoa za wengine, yeye hajasoma mwisho wa ndoa yake.

Na mahakama ya mwanzo ndipo watu wengi wa kawaida wanapokwenda. Sheria inaruhusu talaka isikilizwe mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu. Mtu wa Ushirombo anachagua iliyo karibu na mfuko wake. Hatakiwi kuadhibiwa kwa kuchagua hivyo.

Kwa mashauri ya zamani ndo usiseme. Mkoa wa Geita umezaliwa 2012. Kabla ya hapo Bukombe ilikuwa Shinyanga, Chato ilikuwa Kagera, Geita yenyewe ilikuwa Mwanza. Mtu aliyeachika Bukombe miaka ile, leo anatafuta kopi ili agawe mirathi au aoe tena, anazungushwa baina ya mikoa kama mpira wa konde. Huyu anasema nenda Shinyanga, yule anasema siku hizi ni Geita. Na kama shauri liliwahi kukatiwa rufaa, jalada lilipanda na huenda halijashuka.

UTETEZI WANAOUTOA

Haki itendeke, wapo watakaosema watumishi wa mahakama wanaonewa. Watasema makarani ni wachache na majalada ni mengi. Hakimu anasoma hukumu Ijumaa, Jumatatu amehamishwa. Mwenendo mwingine umeandikwa kwa mkono, kurasa mia, lazima uchapwe, ulinganishwe, usahihishwe, ndo usainiwe. Mtandao unakatika. Umeme unakatika. Yote hayo yapo na hakuna anayeyabisha. Karani wa masjala wa wilaya ya machimbo anafanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja.

Lakini utetezi huo unachanganya karatasi mbili. Kuna mwenendo wa shauri, yaani kila kilichosemwa na kila shahidi tangu siku ya kwanza. Huo ni mrefu, na unahitaji muda. Na kuna hukumu pamoja na amri ya talaka. Hukumu ni kile alichokisoma hakimu. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, inayotumika kuanzia mahakama za wilaya kwenda juu, inataka hukumu iwe imeandikwa na isainiwe pale inaposomwa. Hakimu hakusoma hewa. Alisoma karatasi au kioo cha kompyuta. Kama alichokisoma kipo, kwa nini hakitoki?

Kisingizio cha lugha nacho kimekufa. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yameifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili, na mahakama za mwanzo zilikuwa Kiswahili siku zote. Kisingizio cha makaratasi nacho kimebaki mifupa, maana tangu mwishoni mwa 2023 Mahakama imeingia kwenye mfumo mpya wa kielektroniki wa kusimamia mashauri. Mashauri yanafunguliwa humo, yanapangiwa hakimu humo. Mwananchi anaambiwa alipie kwa namba ya malipo kwenye simu, na simu yake inapokea ujumbe wa malipo sekunde ileile. Simu hiyohiyo inashindwaje kupokea ujumbe wa "kopi yako ipo tayari"?

Halafu kuna lile ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema kwa sauti. Nje ya ofisi nyingi za serikali nchi hii wapo vishoka. "Dada, nipe kitu kidogo, kesho unayo." Na kweli, kesho yake anayo. Fikiria hapo kidogo. Kama kopi inaweza kupatikana kesho kwa elfu hamsini ya pembeni, basi jana ilikuwa inawezekana pia. Haikuwa na tatizo la mchapaji wala la umeme. Na mwenye elfu hamsini ya kutoa ni nani kati ya wale wawili? Ni yule mwenye karasha.

SIO VITA YA WANAUME NA WANAWAKE

Kuna makaka watasoma hapa waseme ni yaleyale ya kuwatetea akina dada. Tulia kaka. Yupo mwanamuziki mmoja wa Kanda ya Ziwa, jina kapuni naye, aliyepewa talaka na mgawo wa nyumba. Nyumba anayo mke wa zamani, anaipangisha, kodi anakula. Jamaa anaishi gheto la rafiki yake, mchumba mpya kashamchoka, wakwe watarajiwa wanataka karatasi. Naye anazungushwa vilevile. Muda unamlinda anayeshika mali, awe suruali awe gauni. Ila kwenye machimbo, ambako leseni, hisa na magari mara nyingi vimeandikwa jina la mwanaume, sio siri ni upande gani unaoumia zaidi.

Na ikumbukwe haki yenyewe ilipatikana kwa jasho. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwenye shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo mwanamke aliyepika, akafua, akalea na kumsubiri mume miaka ishirini angeweza kuambiwa hukuchangia hata tofali. Kanuni hiyo imesimama zaidi ya miaka 40. Lakini inamfaa nini mama wa Katoro ikiwa mchango wake umekubaliwa kwa mdomo, na mpaka karatasi itoke tofali zote zimeshauzwa?

KINACHOTAKIWA KIFANYIKE

Kwanza, amri ya talaka itoke siku ileile hukumu inaposomwa. Ukurasa mmoja au miwili: majina, namba ya shauri, tarehe, ndoa imevunjwa, mgawo ni huu, watoto wako kwa fulani. Mwenendo wa kurasa mia ufuate baadaye kwa anayeuhitaji. Hakuna sababu ya kuteka karatasi fupi ili kusubiri ndefu.

Pili, kila anayeomba kopi apewe tarehe kwa maandishi. "Njoo wiki ijayo" ipigwe marufuku. Tarehe ikipita, ofisi ijieleze kwa maandishi, kama ambavyo mwananchi anajieleza kwa maandishi akichelewa.

Tatu, mahakama na RITA waongee wao kwa wao kwenye mifumo yao. Mtu aliyevunjika moyo asigeuzwe tarishi wa kubeba karatasi ya serikali kutoka ofisi moja ya serikali kwenda nyingine.

Nne, kile kilichofanyika Temeke, ambako kuna kituo jumuishi cha mashauri ya familia chenye talaka na mirathi chini ya paa moja, kisiwe utamu wa Dar peke yake. Ukanda unaoilipa serikali mrabaha wa dhahabu unastahili huduma ya mwendo wa dhahabu.

Mpaka hayo yafanyike, aliye na shauri asikae kizembe. Omba kopi kwa barua siku ileile ya hukumu, usiombe kwa mdomo. Barua iwe mbili, moja waipokee, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Andika namba ya shauri, mwaka, na majina kama yalivyo kwenye jalada. Kama jina la jalada na la kitambulisho cha NIDA vinatofautiana herufi, sema mapema. Ukitaka kukata rufaa, usisubiri kopi huku siku 45 zinakatika, tafuta ushauri wiki ya kwanza. Ukiona mwenzako anahamisha mali, nenda uombe zuio mahakamani hapohapo, usimngoje amalize. Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, watoa msaada wapo mpaka wilayani, na kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia tangu 2023 imekuwa ikizunguka mikoani. Kwa shauri la zamani, anzia mahakama iliyotoa hukumu, sio makao makuu ya mkoa wa leo.

Na wale majaji wa mitandaoni nao wapunguze kidogo. Kumwita mtu mke wa mtu kwa sababu hajaposti cheti ni kumchapa aliyepigwa. Kama mna hasira za kutosha kumtukana mshereheshaji kwa wiki nzima, hasira hizo zinatosha kumuuliza mbunge wenu swali moja: kwenye wilaya yako, kopi ya talaka inatoka baada ya siku ngapi?

Aliyewahi kusubiri, aandike hapo chini ni wiki ngapi na mkoa gani. Majina kapuni. Wiki tu zinatosha.